Shati la baba mtoto

Saa moja na nusu asubuhi milima ya Uluguru ilikuwa bado imejifunika ukungu, na binti alikuwa ameshafika getini. Alikuwa na koti jeupe alilolinunua Uingereza alikozaliwa, boksi la glovu kwenye begi, na Kiswahili cha jikoni kwa mama yake, mzaliwa wa Morogoro. Mwaka wa pili wa udaktari. Wiki ya kwanza ya kujitolea.

Glovu zilipokelewa kwa furaha kuliko yeye mwenyewe. Muuguzi wa zamu alizifungia kabatini, akarudi, akamwambia, "Haya binti, nifuate. Usiguse kitu mpaka nikuambie."

Wodi ya wazazi ilijaa. Akina mama walilala wawili wawili kitandani, mzungu wa nne, mmoja kichwa huku na mwenzake kule. Kipimajoto kilikuwa kimoja kwa vyumba viwili. Ukikihitaji unamtuma mtu. Nje ndugu walisubiri na chupa za uji na mabeseni, maana chakula cha mgonjwa kilitoka kwao.

Chumba cha watoto njiti kilikuwa na watoto 11 na mashine moja ya kupasha joto. Juu yake walilazwa watatu, mgeni wao akiwa msichana wa kilo 1.4 aliyezaliwa usiku kwa upasuaji. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, hata kukaa hakuweza. Mlangoni walisimama baba mtoto, mkulima wa ndizi na mdalasini kutoka Kinole, na mama mkwe wake. Bibi alipoliona koti jeupe akainamisha kichwa.

"Shikamoo, daktari."

Binti alishikwa na haya. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alijua shikamoo hupanda, haishuki.

"Mimi si daktari, bibi. Ni mwanafunzi. Shikamoo."

"Marahaba," bibi aliitikia taratibu. "Sasa daktari yuko wapi?"

Daktari alikuwa mmoja, na alikuwa chumba cha upasuaji. Wapo wanafunzi wageni ambao wangenyamaza na kuacha koti liseme. Huyu aliona ni afadhali kuaibika.

Saa nne kasoro umeme ukakatika. Jenereta ilikuwa ya chumba cha upasuaji tu. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, joto humtoka upesi, na mtoto aliyepoa huchoka hata kunyonya na kupumua. Wenzake wawili walirudishwa vifuani kwa mama zao mara moja. Yule wa kilo 1.4 hakuwa na kifua cha kurudishiwa. Kipimajoto kilipopatikana kilisoma 35.6, na kwa mtoto mchanga haipaswi kushuka chini ya 36.5.

Binti alianza kuuliza mashine nyingine iko wapi. Muuguzi hakumjibu. "Niitie baba yake," alisema.

Njia yenyewe ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale Daktari Edgar Rey Sanabria alipoishiwa mashine za kulea njiti akaamua kuwafunga vifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri njiti akae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku, na mama asipoweza, baba au ndugu anashika zamu. Binti alikuwa ameyasoma hayo. Kitabu hakikusema lolote kuhusu mama mkwe.

Maana baba mtoto alipoambiwa avue shati aliganda. Alimtazama muuguzi, akautazama mlango aliposimama mama wa mkewe, akashika vifungo kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. Kimya kilikuwa kirefu. Bibi ndiye aliyekimaliza: aligeuka, akauelekea ukuta, akajifunika kanga hadi kichwani.

Shati likavuliwa. Muuguzi alimweka mtoto kifuani, wima, kichwa kimegeukia upande, akamfunga kwa kanga. Kazi ya binti ilikuwa kuangalia pumzi. Aliangalia saa nzima bila kupepesa. Kipimajoto kikasoma 36.6.

Mchana huohuo mtoto mwingine wa chumba kile, mdogo zaidi, alifariki. Binti alienda kulia nyuma, kwenye kamba za kuanikia mashuka. Muuguzi alimfuata baada ya muda. "Lia," alisema, "halafu nawa uso uje, kuna nepi za kubadilisha." Muuguzi mwenyewe alikuwa na macho mekundu, na zamu yake ilikuwa haijaisha.

Umeme ulirudi saa nane. Hakuna aliyemwambia baba avae shati. Bibi alileta uji, akaingia kinyumenyume na kupitisha kikombe juu ya bega lake, naye mkwe akakipokea akitazama sakafu.

Saa kumi na mbili jioni binti alipokuja kuaga, shati lilikuwa bado kwenye kiti. Baba alimuuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kusinzia akiwa amekaa hivyo.

Kabla muuguzi hajajibu, bibi alisema, uso ukutani:

"Mwambieni alale. Pumzi nitaziangalia mimi, ila mfunikeni kwanza."