Siku sita katika theluji ya Chamonix

Wengi wenu mmeiona theluji kwa mbali tu. Wenyeji wa Beni na Mutwanga huiona asubuhi, mbingu zikiwa safi, juu kabisa ya Ruwenzori. Kisha mawingu huifunika, nao huendelea na kazi zao. Sisi tulikaa ndani yake siku sita, nasi twataka kuwasimulia mambo tuliyoyaona.

Tulikuwa watu saba, marafiki tuliosoma pamoja Liège, katika Ubelgiji: Wakongo wanne na Wabelgiji watatu. Mkubwa wetu alikuwa mwenzetu wa Beni, nasi sote, hata wale Wabelgiji, twamwita Yaya. Ndiye aliyeitaka safari hiyo. «Nimeitazama theluji tangu utoto wangu,» alisema, «haifai nizeeke bila kuikanyaga.» Basi tukaweka akiba kwa muda wa miezi minane, kwani mambo ya huko ni ghali sana, hata supu. Mwezi wa pili tukapanda gari la reli mpaka Saint-Gervais, na huko tukapanda jingine dogo lipandalo polepole kati ya misonobari.

Chamonix ni mji wa Ufaransa, kwenye kimo cha meta 1,035, chini ya Mont Blanc, mlima upitao meta 4,800. Tuseme mara moja, bila majivuno: Margherita, kilele cha Ruwenzori yetu, kina meta 5,109. Tena kuna jambo ambalo hatukulijua kabla ya kufika. Watu waliokifikia kilele hicho cha kwetu tarehe 18 Juni 1906, pamoja na mwana wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, waliongozwa na watu wa Courmayeur, kijiji kilicho upande wa pili wa Mont Blanc hiyo hiyo tuliyokuwa tukiitazama dirishani. Yaya alipoambiwa neno hilo alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Basi nimekuja kuwarudishia hodi yao.»

Hapo zamani bonde hilo lilikuwa la watawa wa Mtakatifu Benedikto, waliopewa mwaka 1091. Watu wake walikuwa wafugaji maskini, na wengine walitafuta mawe ya kung'aa miambani. Mmoja wa watafutaji hao, Jacques Balmat, pamoja na daktari wa kijiji, Michel Paccard, walikuwa wa kwanza kufika juu ya Mont Blanc, tarehe 8 Agosti 1786. Balmat amesimama mjini katika sanamu tangu mwaka 1887. Daktari naye alingoja sanamu yake mpaka mwaka 1986. Hata huko, basi, watu wawili hufanya kazi na mmoja hupata sifa.

Siku ya kwanza tulipanda Montenvers kutazama mto wa barafu uitwao Mer de Glace. Mwaka 1988 walijenga vibanda vya waya vya kuwashushia wageni hadi karibu na barafu. Lakini barafu ilizidi kuyeyuka na kushuka, ikawabidi kuongeza ngazi mwaka baada ya mwaka, hata zikapita mia tano. Ndipo mwaka 2024 wakafungua vibanda vipya, juu zaidi bondeni. Yaya akatuambia kwamba wazee wa kwao husema vivyo hivyo juu ya Ruwenzori: weupe wake si kama ule wa zamani.

Kesho yake tukaanza kujifunza ski. Ni mbao mbili, ndefu na nyembamba, zinazofungwa chini ya viatu vigumu kama vyungu. Ukivivaa viatu hivyo, watembea kama bata. Mwalimu alitufundisha kwanza kusimama: ncha za mbele zikaribiane, visigino vitengane, magoti yakunjwe. Neno ni jepesi, kazi ni nzito. Ukiogopa na kujivuta nyuma, mbao hukukimbia nawe waanguka. Ukijitoa mbele, ambako roho haitaki kwenda, ndipo zinakutii. Watoto wa miaka minne, wenye kofia ngumu, walipita katikati yetu kama vifaranga. Yaya alianguka mara thelathini na moja asubuhi ile, tulihesabu. Yeye ni mwenye cheo na baba wa watoto watatu. Kila jioni tulimcheka mezani, naye alicheka pamoja nasi. Jioni ya nne hakucheka.

Mwalimu alitufundisha pia kusoma njia. Rangi ya kijani ni ya wanafunzi, kisha bluu, kisha nyekundu, na nyeusi ni ya mafundi. Pande zote mbili zimepandwa nguzo nyembamba. Zile za kuume zina alama ndefu ya rangi ya machungwa kichwani, na vibao vyake vya mviringo vina namba zinazopungua kadiri unavyoshuka.

Siku ya tano tulikwenda Le Tour, mwisho wa bonde. Karibu na hapo ni Montroc, ambako tarehe 9 Februari 1999 theluji iliporomoka juu ya nyumba na kuua watu kumi na wawili. Chini ya waya palikuwa na ubao wa hatari, unaohesabiwa toka 1 hata 5. Siku ile waliandika 3.

Tulipanda jua likiwaka. Mnamo saa nane ukungu ukashuka ghafula, weupe juu na weupe chini, hata hatukujua kama tunakwenda au tumesimama. Tukafuatana nguzo kwa nguzo, tukizitaja namba kwa sauti: kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili. Kwenye namba tisa tulikuwa sita.

Tuliita: «Yaya! Yaya!» Akaitika, lakini katika ukungu ule sauti yake ilitoka juu, kisha chini, kisha nyuma yetu. Mmoja wetu akataka kuifuata. Mbelgiji, aliye mdogo wetu sote, akamshika koti akasema: «Ukienda, tutawatafuta wawili.» Wakagombana kwa maneno ambayo hatutayaandika. Tulipiga simu kwa walinzi wa njia, tukabaki penye nguzo tukiimba nyimbo za kwetu, ili Yaya ajue kwamba tungali pale. Hatujapata kuimba vibaya namna ile.

Baada ya robo saa hivi wakaja walinzi wawili. Walitukataza kusogea, wakaingia wenyewe katika ukungu, nao wakarudi naye. Hakuwa hata meta hamsini toka kwetu. Alikuwa ameona alama za mbao za watu wengine zikiiacha njia, akazifuata, apate kututangulia na kutungoja chini akiwa amesimama wima. Kisha alipeleka fimbo mbele, isiguse kitu. Akaketi hapo hapo. Mlinzi akatuambia kwamba mbele ya magoti yake palikuwa na korongo. Hakumkaripia, alimuuliza tu kama ana watoto.

Jioni ile tulimwomba Yaya msamaha kwa kicheko chetu. Alijibu kwamba thelathini na moja ilikuwa hesabu ya uongo, kwani aliacha kuhesabu mwenyewe kwenye arobaini. Kisha akampigia simu mama yake huko Beni. Alimweleza habari za watoto wadogo, za viatu na za bei ya supu. Habari za korongo hakuzitaja. Sisi tulimsikia mama akiuliza:

«Na theluji yenyewe, mwanangu, ni kama hii yetu?»

«Ni ile ile, Mama. Ila ya huku hushuka mpaka mlangoni.»