Mwalimu Aliyerudi Mwaka 1492



Ipo filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1984, Non ci resta che piangere, ambayo jina lake twaweza kulifasiri kuwa "Hatuna Ila Kulia". Walioiongoza na kuigiza humo ni Roberto Benigni wa Toscana na marehemu Massimo Troisi wa kandokando ya Napoli. Niliitazama kwa nia ya kucheka, na kweli nilicheka. Walakini niliondoka na deni moyoni, nalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Saverio, mwalimu wa shule ya msingi, na Mario, mtumishi wa shule hiyo hiyo, wamesimamisha gari penye reli wakingoja treni ipite. Treni haiji. Wanachoka, wanashika njia nyingine ya mashamba, mvua inawakuta, wanalala katika nyumba ya wageni. Kunapokucha wanajikuta katika mwaka 1492. Saverio anakata shauri kwenda Hispania akamzuie Christopher Columbus asisafiri, kwa sababu dada yake ameumizwa moyo na Mmarekani: Marekani isipogunduliwa, mwanamume huyo hatakuwapo! Wanafika wamechelewa, Columbus amekwisha tweka matanga.

Njiani wanakutana na Leonardo da Vinci. Wanafurahi mno, wakidhani watamtajirisha kwa maarifa ya karne ya ishirini. Wanamtajia treni, kipimajoto, taa za kuongoza magari. Lakini kutaja si kueleza. Mwalimu aliyezaliwa katika dunia ya treni hawezi kufafanua jinsi treni inavyokwenda. Leonardo anawakodolea macho, nao wanamwona yeye ndiye mzito wa kuelewa!

Hapo kicheko kilinikauka. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha Kiswahili hapa Uganda, binti mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, kwetu twasema embwa eboggola, na kiambishi chafuata jina. Mbona katika Kiswahili mbwa amebweka, kama kwamba ni mtu?" Swali lilikuwa zuri kupita somo langu la siku ile. Nami nilijua kanuni kwa jina tu, ngeli ya A-WA, kama Saverio alivyoijua treni. Nikaona haya mbele ya darasa, nikamjibu kwa ukali: "Ndivyo Waswahili wasemavyo. Andika." Akaandika. Hakuuliza tena hadi mwisho wa mwaka.

Leo ningemwambia kuwa katika Kiswahili uhai hulishinda umbo la jina: kiti kimefika, bali kipofu amefika, nyumba imeanguka, bali mbwa ameanguka. Ningemwonyesha kwamba swali lake limetoka katika Kiganda chake, na kwamba lugha ya mama si kikwazo bali ni taa ya kuimulikia lugha ya pili. Kisha ningemtuma akawaulize wenziwe wa makabila mengine jinsi mbwa wao wanavyobweka, tukutane kesho tulinganishe.

Filamu inamalizika hivi. Wale wawili wanaona moshi wa treni kwa mbali. Wanakimbia wakishangilia, wakiamini wamerudi katika zama zao. Kumbe anayeiendesha ni Leonardo! Ameyachukua maneno yao yaliyovunjikavunjika, akayafikiri peke yake, akaunda treni.

Saverio na Mario hawakuwa walimu hodari. Hata hivyo hawakuona haya kutoa nusu ya jambo waliyokuwa nayo, na mwanafunzi akaikamilisha. Mimi pia nilikuwa na nusu yangu siku ile, nikaificha nyuma ya ukali ili heshima yangu isipungue. Sijui binti yule angeunda nini kwayo.

Basi, ndugu zangu, mkono ukinyoshwa darasani nasi hatuna jibu kamili, tutoe tulicho nacho.