Ukuta Usiofika Juu

Chumba ninachopanga hapa Arua ni cha tatu katika mstari wa vyumba 6 chini ya paa moja la mabati. Ukuta kati yangu na jirani unaishia pale mbao za paa zinapoanza. Juu yake ni wazi. Yeye akikaanga vitunguu, mimi napiga chafya. Akifungua redio, ni kama iko kitandani kwangu.

Mimi nimetoka Lobule, kule Koboko, makazi yaliyofunguliwa 2013 kwa ajili yetu tuliokimbia Kongo. Mwanzoni tulilala chini ya turubai, na si unajua, turubai halizuii hata kikohozi. Nilipopata kazi ya kuhudumia vijana Arua na kupanga nyumba ya matofali, nikajiambia: sasa nitalala.

Wapi! Redio ya mama jirani ilifunguliwa karibu kila usiku, saa saba, saa nane. Nyimbo za kanisa, habari, chochote. Niliamka nikakuta inaimba na mdogo wangu ameketi, macho wazi. Yeye yuko sekondari mwaka wa nne, na mtihani wa UCE ulikuwa umebaki wiki chache. Mchana anasinzia darasani.

Kumwambia yule mama niliogopa. Sisi ni wageni, yeye ni mwenyeji. Mgeni akianza kesi, mtu anamwambia arudi kambini. Nikaona afadhali nipambane na ukuta.

Rafiki mmoja alisema studio za muziki hubandika trei za mayai. Nikazikusanya kwa vijana wanaopika rolex barabarani, nikazibandika kwa uji wa muhogo kutoka chini mpaka juu. Usiku redio ikaja vilevile. Panya nao wakafurahia uji.

Fundi wa matofali nilimwita, akacheka. "Umevalisha ukuta nguo, lakini juu umeacha mlango wazi." Akanieleza kwamba trei ni nyepesi, zinapunguza mwangwi wa chumbani mwako tu. Sauti ya jirani inazuiwa na kitu kizito kisicho na tundu, na hata mwanya mdogo unaipitisha. Mama mwenye nyumba akakubali. Tukapandisha ukuta kwa matofali ya udongo mpaka kwenye mabati, na yale mawimbi ya mabati tukayaziba kwa vitambaa vilivyochovywa kwenye tope. Nilitumia sh. 30,000 na Jumamosi nzima. Joto liliongezeka, hilo niseme ukweli. Lakini usiku ule, kimya kabisa.

Usiku wa tatu mdogo wangu akapiga kelele usingizini. Hilo lilimwanza tangu tulipokimbia, ila nilidhani limepungua. Nikamshika. Akatetemeka muda mrefu, halafu akauliza, "Yaya, yule mama amesafiri?"

"Mama gani?"

"Wa redio. Nikipiga kelele huwa anaifungua. Nikiisikia najua niko Arua."

Kumbe. Miezi yote ile nilidhani redio ndiyo inamwamsha.

Asubuhi nilikwenda kwa yule mama. Alikuwa anachambua maharage. Nikamsalimu, nikaomba msamaha bila kujua naanzia wapi. Kiswahili anakijua vizuri, na siku hiyo nikajua alikitoa wapi.

"Mwanangu, 1980 mimi nilikuwa msichana mdogo. Baada ya Amin kuanguka, wanajeshi walikuja huku, tukakimbilia Zaire. Usiku nililia hivyohivyo. Kwenu walituachia nyumba, na mwenye nyumba alikuwa na redio. Sikutaka kumwaibisha mtoto kwa kuuliza maswali. Ulipoziba ukuta nikasema, sawa, wamechoka na mimi."

Nilikosa la kujibu. Nikakaa chini, nikachambua maharage naye.

Mdogo wangu mwenyewe alipanda juu ya kiti akatoa matofali 2 upande wa kitanda chake. Mama naye akapunguza sauti ya redio. Mengine tumeyaacha, maana vyumba vingine vina ulevi na ugomvi, na ukuta mzito unasaidia kweli.

Vijana wakiniuliza sasa, ninawaambia: ziba juu kwanza, trei waachie wauza mayai. Lakini kabla ya kununua tofali, piga hodi. Na nyinyi mnaotuletea turubai na mbao, mnapouliza tunalalaje, muulize pia nani anatusikia tukilia.

Usiku wa kuamkia mtihani wa hesabu alipiga kelele mara moja. Redio ikafunguliwa, chini kabisa. Sikuamka kitandani. Baada ya muda nikasikia anakoroma.