Buzwagi: Dhahabu Huondoka, Maandiko Hubaki



Mwenye kusafiri kutoka Isaka kwenda Kahama kwa njia kuu ya lami, ile wapitayo madereva wa malori ya Rwanda na Burundi, huona kabla hajaingia mjini kilima kirefu kilichosimama katika nchi tambarare ya mpunga na mahindi. Mgeni hudhani kuwa ni kilima cha tangu kuumbwa kwa nchi. La, sicho. Ni mawe yaliyotolewa chini ya ardhi na mitambo, na jirani yake lipo shimo kubwa yalimotoka. Hapo ndipo Buzwagi. Mgodi wake ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Ni miaka 12 tu, umri wa mtoto ambaye bado hajatoka chuoni.

Tulikwenda kupatazama, kwa kuwa sisi tunaosomesha watoto tuliwaona wengi wakiacha juzuu zao na kuifuata dhahabu, hapo na katika machimbo mengine ya Kahama na Geita. Baada ya sala ya alasiri mzee mmoja wa huko alituuliza swali: “Maalim, dhahabu tuliyoitegemea imekwisha. Sasa mwawaita vijana wetu warudi kwenye vitabu vya watu waliokufa miaka 700 iliyopita. Vitawapa nini?” Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kukunja uso. Na tulijibu kwa habari za kweli.

Nchi yetu ilikwisha kuwa na mji uliotajirika kwa dhahabu, karne nyingi kabla ya mgodi wa Buzwagi. Mji huo ni Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini. Dhahabu ya Kilwa haikuchimbwa Kilwa, wala haikutoka Usukuma au Unyamwezi. Ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa mpaka bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, kisha ikaletwa Kilwa kwa vyombo vya tanga. Kwa mali ya biashara hiyo watu wa Kilwa waliupanua Msikiti wao Mkuu kwa mawe ya matumbawe, na Sultani Al-Hasan bin Sulaiman akajenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linaloitazama bahari.

Mwaka 1331 alifika huko msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na watu wake kwa dini na wema. Ameeleza pia kuwa Sultani yule alikuwa karimu hata fakiri mmoja kutoka Yemen alipomwomba nguo alizovaa mwilini, alimpa. Sultani akafa, akatawala nduguye Daud, naye hakuwa na mkono wa kutoa. Waombaji walipomjia huyu, aliwajibu kwamba mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha kitu cha kutolewa. Tazameni, wasomaji: mali ya mji ni ile ile, lakini ukarimu wa mtu mmoja ndio uliompatia jina jema linalotajwa mpaka leo, kwa kuwa alikuwapo mwenye kuona, na palikuwapo kalamu ya kuandika.

Mwaka 1505 Wareno walikuja kwa merikebu za vita, wakauteka mji na kuupora. Leo Kilwa Kisiwani ni magofu, nayo tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Dhahabu ile ilikwenda zake katika masoko ya mbali. Kilichosalia, pamoja na kuta, ni maneno. Yamesalia katika sarafu ndogo za shaba za masultani: upande mmoja jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtumaini Mwenyezi Mungu, yakiwa na kina kimoja na jina lile, kama mashairi. Sarafu moja ya Al-Hasan bin Sulaiman imeonekana mbali kabisa na pwani, huko Great Zimbabwe. Yamesalia pia katika tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, ambayo nakala yake imehifadhiwa London. Na Mreno João de Barros alitia habari za masultani hao katika kitabu alichokitoa mwaka 1552.

Huenda msomaji akasema: Kilwa ni mbali, sisi watu wa Kahama yatuhusu nini? Basi na aingie katika chuo kilicho jirani naye. Atamkuta kijana akisoma Ajurrumiyya ili ajue sarufi ya Kiarabu. Mtungaji wake, Ibn Ajurrum, alifariki Fez mwaka 1323, miaka 8 kabla ya Ibn Battuta kuiona Kilwa. Atamkuta mwingine akihifadhi Hadithi Arobaini zilizokusanywa na Imamu Nawawi wa nchi ya Sham, aliyefariki mwaka 1277. Na akisikia Burda ikisomwa, basi hiyo ni kazi ya Al-Busiri wa Misri, mtu wa karne ya 13. Kwa hiyo mtoto wa Kahama anayekaa juu ya jamvi ana mikononi mwake kitabu kilicho rika moja na Husuni Kubwa. Wataalamu wa vyuo vikuu huvuka bahari kuvitafuta na kuvichunguza vitabu vya zama hizo. Yeye anavyo mbele yake, ila aghlabu hajaambiwa ni vya nani wala ni vya lini.

Elimu hiyo haikuanguka huku kutoka mbinguni kama mvua. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita katika nchi ya Unyamwezi, na wapagazi Wanyamwezi walishuka pwani na kurudi. Pamoja na nguo na shanga, zilikuja pia dini, lugha ya Kiswahili, na desturi ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Desturi hiyo ilikuwa ya kale huko pwani. Mwaka 1728 Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate alitunga Utenzi wa Tambuka, wenye habari za vita vya Waislamu na Heraclius, mfalme wa Rumi. Yapata miaka 100 baadaye, au pungufu kidogo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akaizungumza nafsi yake juu ya majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki matupu, makao ya popo na ndege. Aliyesimama ukingoni mwa shimo la Buzwagi hahitaji kufasiriwa maana yake.

Tungo hizo zisingetufikia lau si watu waliojitaabisha kuzinakili. Mjini Mombasa Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Huko Lamu Muhammad Kijuma alinakili tenzi nyingi kwa khati yake nzuri, na nakala zake zimo katika maktaba za Ulaya hata leo. Mtaalamu akipokea kitabu cha namna hiyo, hutazama kwanza tamati, mahali ambapo mwandishi huandika jina lake na mwaka wa Hijra. Kisha huchungua aina ya khati, rangi ya wino, na karatasi yenyewe, maana karatasi nyingi za zamani huwa na alama ya kiwanda inayoonekana zikiinuliwa mbele ya mwanga. Ukurasa wa mwisho ukipotea, umepotea ushahidi mkubwa.

Basi jawabu la swali la yule mzee ni hili. Hatuwakatazi vijana kutafuta riziki. Kazi ya halali ni ibada, na mchimbaji mwaminifu ni mtu wa kuheshimiwa. Twasema tu kwamba dhahabu ikitolewa ardhini haioti tena, bali elimu kila ikitolewa huzidi. Kijana aliyejua kusoma maandiko ya wazee wake ataweza kuajiriwa, au kulima, au kufanya biashara, naye akabaki na kitu ambacho mgodi ukifungwa hakifungwi. Na asiyejua atauambiwa urithi wake na watu wengine, wala hatakuwa na njia ya kupima ukweli wa wanayomwambia.

Kwa hiyo twawaomba wenye nyumba mambo machache. Kama babu aliacha kitabu, barua au karatasi zenye herufi za Kiarabu, msizichome kwa kuona zimechakaa. Zifungeni katika kitambaa safi cha pamba, zikae mbali na mchwa, moshi wa jikoni na paa linalovuja. Msizigandishe kwa gundi. Andikeni katika karatasi nyingine jina la aliyekuwa nazo na mahali zilipotoka, na kijana mwenye simu azipige picha kila ukurasa, hasa wa mwisho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa huko Zanzibar wamehifadhi maandiko ya namna hiyo, nako mwaweza kuuliza. Nasi waalimu tusimfungulie mtoto kitabu bila kumtajia kwanza mtungaji wake, nchi yake na karne yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotuandikia, awape vijana wetu hamu ya kusoma, na atujaalie sisi kuwa waaminifu wa amana hii. Amin.