Niacheni na Riwaya Zangu za Kufuma Sweta

Wacha niseme mapema ndio mcheke mara moja tuendelee. Mimi, kijana wa miaka 22 mwenye ndevu ambazo bado zinajaribu, nasoma riwaya za wanawake wanaofuma sweta. Si vitabu vya kufundisha kufuma, hapana. Riwaya. Duka la uzi, chai, na watu wanne watano wasiojuana wanaokutana kila wiki kufuma na kuambiana shida zao. Na ziko nyingi, manze! Huko Marekani kuna hadi za upelelezi, ambapo mtu ameuawa na anayemsaka muuaji ni mfumaji.

Ya kwanza niliipata kwa inama, zile vitabu hupangwa chini kando ya barabara huko tao. Nilikuwa nanunua kingine, jamaa akaniongezea hii ndio niache kubishana na bei. The Shop on Blossom Street, ya Debbie Macomber, ilitoka 2004. Lydia amepona saratani mara mbili kabla hajafika miaka 30, anafungua duka la uzi Seattle na kuanzisha darasa la kufuma blanketi ya mtoto. Wanakuja wanawake watatu. Mmoja ana pesa na hampendi mke wa mwanawe. Mwingine anatafuta mtoto kwa miaka na hapati. Wa tatu, Alix, ana kesi, na korti imempa masaa ya kutumikia jamii, kwa hivyo anataka blanketi ihesabiwe kwa hayo masaa. Hakuja kutafuta marafiki.

Hapo ndipo niliposhikwa. Ni Alix.

Mjue kitu kimoja. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Tangu siku hiyo kila mtu ana kitabu cha kunipendekezea, na vyote ni vya kuamka saa kumi usiku, kuoga maji baridi na kuwa milionea. Nilivisoma kadhaa. Ukimaliza sura moja unahisi kama umeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kila ukurasa ni wewe, wewe, wewe, na vile hujafika. Halafu kazi yangu yenyewe ni kutafuta macho ya watu: nikiweka video saa moja jioni, saa tisa usiku bado naangalia namba kama mtu anayengojea matokeo ya hospitali. Ukimpa mtu kama huyo kitabu cha kumkimbiza zaidi, unataka aanguke?

Kwa riwaya za kufuma hakuna mtu anakimbia. Haiwezekani. Kufuma kote kumejengwa kwa mafundo mawili tu, la mbele na la nyuma, na blanketi inataka maelfu yake. Kwa hivyo mwandishi analazimika kuwaketisha watu wake. Mtu akiuliza swali gumu, mwenzake anaweza kuangalia sindano badala ya kujibu, na hakuna anayeona ni madharau. Sijui mwisho wangu wa kukaa chumba kimoja na watu wanne bila mtu kutoa simu ulikuwa lini. Nikisoma kurasa 20 kabla ya kulala, usingizi unakuja wenyewe, na sisemi hivyo kwa ubaya.

Watu husema ni vitabu vyepesi. Vingine ndiyo, tusidanganyane, unajua nani ataoana na nani ukifika ukurasa wa kumi. Lakini soma The Friday Night Knitting Club ya Kate Jacobs, ya 2007, kuhusu Georgia anayelea binti yake peke yake New York na kuendesha duka, halafu uniambie kama hukulia. Ann Hood naye alimpoteza binti yake Grace, wa miaka 5, mwaka 2002. Mwandishi mzima, akawa hawezi kusoma wala kuandika. Alichoweza ni kujifunza kufuma. Baadaye ndio akaandika The Knitting Circle, kuhusu mama aliyefiwa na mtoto. Huo si wepesi. Ni mtu aliyeshikilia kitu ambacho mikono ingeweza kufanya wakati kichwa kimekataa.

Sasa upande wa nyumbani. Mathe wangu hufuma sweta za shule na mashine, Limuru, miaka yote ninayokumbuka. Desemba na Januari halali. Karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa zile sweta, na tangu nitoke chuo hatujawahi kuliongelea. Tunapigiana simu Jumapili: umekula, nimekula, mvua imenyesha huko, sawa, usiku mwema. Dakika mbili.

Jumapili moja nilikosa cha kusema, nikamwambia kuhusu Lydia. Nikamgeuzia sura ya kwanza kwa Kiswahili, hivi hivi tu. Nikasikia mashine imenyamaza.

"Huyo anauza uzi bei gani?" akauliza. Nikamwambia kitabu hakisemi sana mambo ya bei. "Basi atafunga hiyo duka."

Tangu hapo ni kila Jumapili, karibu nusu saa. Ana maoni, huyo mama. Anasema blanketi moja kwa darasa la wiki nyingi ni uvivu. Anasema yule tajiri ashikwe masikio. Anasema chama chao cha Alhamisi kina stori kuliko hizo zote, na ni kweli, nangoja mtu wa huku aziandike. Lakini akifika kwa Alix hucheka polepole, huyu wa kufuma kwa sababu ya korti.

Juzi tulikuwa tumemaliza sura, nikadhani amekata simu. Huniita baba kwa sababu nina jina la babake.

"Baba," akasema, "na huyo msichana akimaliza masaa ya korti, ataendelea kuja?"

Nikamwambia sijafika hapo. Nilikuwa nimefika.

"Usiniambie basi," akasema. "Wewe soma tu, mimi nafuma." Na mashine ikaanza tena.