Shujaa wa Mbali na Shujaa wa Nyumbani

Jioni moja, nilipokuwa likizoni kijijini kwetu Maneromango, nilipita karibu na kibanda cha video. Vijana walijaa hadi mlangoni wakitazama Jumong, mchezo wa Korea Kusini ulioanza kuonyeshwa huko mwaka 2006. Juu ya sauti za Wakorea ilisikika sauti ya mkalimani Mtanzania, akisimulia kwa Kiswahili chenye mizaha na misemo yetu.

Nakiri kwamba nilichukia. Niliona vijana wameupa kisogo mdundiko wa Wazaramo, wakaukimbilia utamaduni wa wageni. Kabla sijafungua kinywa, mmoja wao, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, aliniamkia, kisha akanieleza kwa ufasaha jinsi Jumong alivyouasisi ufalme wa Goguryo, ambao mapokeo ya Wakorea yasema ulianza mwaka 37 kabla ya Kristo.

Nikamwuliza, "Na Kibasila je?"

Akajibu, "Hiyo ni shule, Mwalimu. Iko Dar es Salaam."

Jibu lile lilinichoma. Kibasila alikuwa kiongozi wa Wazaramo, mmoja wa waliowapinga Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 wananchi walipochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu. Lakini kijana yule angemjuaje? Mimi niliyemfundisha nilimwandikia ubaoni tarehe za vita, hadithi sikumpa.

Tangu mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, tumekuwa tukihimizana kuyaenzi yaliyo yetu. Wenzetu wa Asia hawakuishia kuhimizana. Mwaka 1983 Wajapani walionyesha Oshin, habari za binti wa wakulima maskini, nayo ikatazamwa katika nchi nyingi. Wakorea nao wakafufua wafalme wao wa kale. Waliyasimulia ya kwao kwa ustadi hata mgeni akayapenda. Basi, ndugu msomaji, kosa si la kijana anayesikiliza hadithi nzuri. Kosa ni la mzee anayeikalia yake kimya.

Jioni iliyofuata niliketi na vijana wale chini ya mwembe, nikaanza kuwasimulia habari za Kibasila. Walisikiliza kwa utulivu. Nilipofika mwisho wa yale niliyoyajua, kijana yule akauliza, "Kisha ikawaje, Mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Kulipokucha tukaondoka pamoja kwenda kuwauliza wazee.