Kwa Nini Niliifuta Ile Posti ya "Kiki"

Mpaka leo kuna watu wananiuliza ile posti ya dogo wa Bongo Fleva aliyekuwa anaongea na feni imeenda wapi. Niliifuta mwenyewe. Jina kapuni, na litabaki kapuni, kwa hiyo msianze kubahatisha.

Kwa ambao hamkuiona: dogo ana miaka 21, ngoma yake moja imeshika mtaani. Saa tisa usiku akaingia laivu, amevaa koti na miwani chumbani, taa imezimwa, anasema kuna watu wanamsikiliza kupitia feni. Akazima simu, akawasha tena, akasema kwenye feni wametoka, sasa wako ukutani. Mimi nikakata kipande cha sekunde 40, nikaandika: "Kiki mpya mjini, ngoma inakuja Ijumaa." Sijawahi kuandika kitu kikasomwa kama kile. Komenti zikamiminika: amelogwa, bangi hiyo, amejiunga na frimasoni, apelekwe Mirembe. Nilicheka na nyie, siwadanganyi.

Miezi mitano baadaye dada yake mkubwa akanifuata inboksi. Nilijua anakuja na mwanasheria. Kumbe ameandika tu, "Mdogo wangu, naomba tuonane." Tukakutana kwenye mgahawa Kariakoo, akaagiza chai, hakuinywa.

Akanisimulia kwamba kabla ya ile laivu dogo alikuwa ameshabadilika karibu mwaka mzima. Hali na wenzake, analala mchana, studio anasahau mistari aliyoiandika mwenyewe. Ukimuuliza kitu anajibu baada ya muda, kama simu yenye mtandao mbovu. Wiki ileile ya laivu mama yao alitaka apelekwe hospitali. Kaka yao akatoa simu, akamwonyesha mama posti yangu. "Mama, hawa ndio watu wa mambo haya, wanasema ni kiki." Mama akatulia. Wakasubiri Ijumaa, ngoma haikutoka. Wakaenda kwa mganga, wakaenda kwenye maombi. Walipofika hospitali ilikuwa imepita miezi minne, na daktari akasema ni saikosisi.

"Sikuja kukulaumu," dada akaniambia. Bora angenitukana.

Nikarudi geto nikaanza kusoma. Mimi niliishia kidato cha nne na baiolojia nilipata D, kwa hiyo nilisoma taratibu, usiku baada ya usiku, kamusi pembeni. Saikosisi ni pale ubongo unapochanganya kilicho ndani yake na kilicho nje: unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, unaamini kabisa kuna watu wanakufuatilia. Mara nyingi inaanza mwishoni mwa utineja au kwenye miaka ya ishirini na kitu. Yaani umri wetu sisi tunaosoma hapa. Watafiti wakipiga picha za MRI, wanakuta walio mwanzoni mwa ugonjwa wana upungufu kidogo wa ile sehemu ya kijivu ya ubongo. Hiyo ni kwa wastani. Huwezi kumpiga mtu mmoja picha ukasema huyu anayo.

Ila kilichonikosesha usingizi ni habari ya kutu. Ubongo ni kama 2% tu ya uzito wako, lakini unakula kama 20% ya oksijeni yote ya mwili. Ni injini ya lori kwenye bodaboda. Na injini yoyote inatoa moshi: oksijeni ikishatumika inaacha masalia makali yanayoshambulia seli, mafuta yake, protini zake, mpaka DNA. Mwili una walinzi wa kuyazima, na mmoja wa wakubwa ubongoni anaitwa glutathioni. Ndiyo wadada, gluta hiyohiyo mnayochomwa sindano mng'ae. Masalia yakiwazidi walinzi, wataalamu wanaita mkazo wa oksidesheni. Mwaka 2000 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliowapima walikuwa na glutathioni pungufu kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo.

Halafu kuna aina ya seli ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine na kushika mapigo, kama mpiga dramu kwenye bendi. Zinafanya kazi kwa kasi sana, kwa hiyo zinachoma nishati nyingi, na kwenye majaribio ya panya zinaumia haraka kutu ikizidi. Dramu akikosa mapigo, gitaa linaenda huku, kinanda kule. Niliposoma hapo nikamkumbuka dogo na feni.

Msikimbilie duka la dawa sasa. Sindano za ngozi si tiba ya hili, na wanasayansi wenyewe bado wanabishana kama hiyo kutu ndiyo chanzo au ni matokeo. Walijaribu N-asetilisisteini, dawa anayopewa mtu aliyezidisha parasetamo, kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa, miezi 6. Majibu yalitoka 2018: dalili kuu hazikupungua kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, ila kasi ya kufikiri iliongezeka. Na nyie wa "bangi hiyo", dogo alikuwa anavuta kweli, na bangi kali inaongeza hatari. Ila wangapi mnavuta naye na feni zenu ziko kimya?

Kwenye kuchelewa ndiko sikuona ubishi mkubwa. Mtu akikaa muda mrefu bila matibabu, kupona kunakuwa kugumu zaidi. Miezi minne. Kadhaa kati ya hiyo ni yangu.

Dogo nimemwona mara moja, mwezi uliopita, dada yake alinikaribisha kwao. Anatumia dawa, amenenepa, mikono inatetemeka kidogo akishika kikombe. Sauti zimepungua, ila anasema zikija usiku anaweka redio. Akaniangalia muda.

"Braza, wewe ndiye wa kiki?"

Nikasema ndiye mimi, nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Akauliza ilipata watazamaji wangapi. Nikamtajia.

"Duh," akasema, akacheka. "Umeipita ngoma yangu."

Posti nimeifuta lakini kile kipande bado kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, juzi nimetumiwa na binamu yangu mwenyewe. Kikikufikia, kiishie kwako. Na atakayetaja jina kwenye komenti, nafuta.